Jezi ya Mtoto ni Amana



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad:

Ndugu wasomaji, katika majuma haya ya karibuni tumefikiwa na suala kutoka kwa akina mama wa mitaa mbalimbali. Kila mmoja amelileta kwa maneno yake, lakini kiini chake ni kimoja. Ipo jumuiya ya hisani iliyopita vyuoni, mashuleni na majumbani ikikusanya nguo za michezo za watoto: jezi, bukta, raba, viatu vya njumu, soksi, na mavazi marefu ya mazoezi kwa ajili ya mabinti. Watu walielezwa kwamba nguo hizo ni za mayatima na watoto wa maskini, wasio na cha kuvaa wenzao watokapo kwenda uwanjani. Watu wakatoa. Baada ya muda, baadhi ya nguo zile zikaonekana zimetundikwa sokoni, zinauzwa, nyingine zikiwa bado na jina la mtoto lililotiwa kwa uzi kwenye ukosi.

Akina mama wakauliza: je, jambo hili ni halali? Na fedha zilizopatikana zimekwenda wapi? Walipowaendea wahusika, jibu walilopewa ni kwamba anayetoa kwa ajili ya Mungu hafuatilii alichokitoa.

Jumuiya hiyo hatutaitaja, kwani kutaja jina la mtu kabla ya kusikiliza upande wake si katika adabu tulizofundishwa. Lakini jibu lile hatuna budi kulizungumza. Ni jibu lililovaa kanzu ya dini, na likiachwa likae vinywani mwa watu, litaidhuru dini na litamdhuru yatima kwa pamoja.

Kuuza peke yake si kosa

Tuanze kwa uadilifu. Si kila nguo ya sadaka iliyouzwa imeibwa. Anayekusanya nguo za watoto hukutana na mambo ambayo sisi tunaotoa hatuyaoni. Ataletewa jezi 60 za mtoto wa miaka 5, ilhali watoto alionao ni wa miaka 12. Ataletewa kiatu kimoja kisicho na mwenzake. Ataletewa raba ambazo gharama ya kuzifikisha Lamu au Tana River ni kubwa kuliko thamani yake. Huenda ikawa bora kuziuza papo hapo zile zisizofaa, na kwa fedha zake zikanunuliwa zinazofaa.

Na wenzetu wa nchi nyingine wamefanya hivyo kwa uwazi kwa muda mrefu. Nchini Uingereza, shirika la Oxfam limekuwa na maduka ya kuuza vitu vilivyotolewa na watu tangu miaka ya 1940. Anayeingia na mfuko wake wa nguo katika duka kama hilo anajua kwamba nguo itauzwa, na kwamba fedha ndizo zitakazokwenda kwa wahitaji. Hakuna aliyedanganywa, kwa sababu ubao wa duka wenyewe umesema.

Basi hapa ndipo penye tofauti. Yule wa dukani alitoa nguo ili iuzwe. Mama wa Majengo au wa Kisauni alitoa bukta ili ivaliwe na mtoto. Hizo ni nia mbili, na ahadi mbili, na katika sheria yetu nia na ahadi vina uzito. Suala letu basi ni hili: je, mwenye mali aliambiwa kwamba itauzwa, na je, baada ya kuuzwa alioneshwa hesabu? Likikosekana la kwanza, ahadi imevunjwa. Likikosekana la pili, hata uuzaji uliokuwa wa halali unaingiwa na shaka.

Nguo ile ni ya nani?

Wako wanaodhani kwamba nguo ikishatoka mkononi mwa mtoaji na kuingia katika ofisi ya jumuiya, imekuwa mali ya jumuiya, nayo ina hiari ya kuitumia ipendavyo. Sivyo. Aliyepewa kitu ili akifikishe kwa mwingine ni wakili, na kilicho mkononi mwake ni amana. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe. Mwenyewe wa bukta ile, baada ya kutolewa, ni yule mtoto aliyekusudiwa. Jumuiya ni daraja tu. Daraja halimiliki wanaopita juu yake.

Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika pwani yetu, wameyaeleza mambo ya wakili kwa uwazi mkubwa. Wakili hatoki nje ya mipaka aliyowekewa na aliyemwakilisha. Akiambiwa mpe fulani, hampi mwingine. Akiruhusiwa kuuza, hauzi kwa bei ya kutupa iliyo chini mno ya bei ya soko. Na wala hajiuzii yeye mwenyewe. Hukumu hii ya mwisho tuitazame sana. Haikuwekwa kwa sababu kila wakili ni mwizi, bali kwa sababu mtu hawezi kuwa muuzaji na mnunuzi kwa wakati mmoja kisha akategemewa kuwa mwadilifu kwa pande zote mbili. Yule msimamizi anayefungua magunia ya kwanza, akajitengea viatu vizuri vya mwanawe, akatia mfukoni mwa jumuiya shilingi chache alizozikadiria mwenyewe, amelivunja sharti hili hata kama moyo wake unamwambia kwamba amelipa.

Hata katika mali ya zaka, ambayo mtawala mwenyewe ndiye mwenye kuikusanya, wanazuoni hao wamesema kwamba mkusanyaji haruhusiwi kuiuza bila ya dharura. Anatakiwa kuifikisha kwa wenyewe kama ilivyo. Na dharura wamezitaja: mnyama anayechelewa kufa njiani, njia isiyokuwa na amani, au gharama ya kusafirisha. Tazameni basi namna sheria ilivyo na busara. Haikufunga mlango wa kuuza, lakini iliweka bawabu mlangoni, na bawabu huyo ni dharura inayoweza kuelezwa na kuthibitishwa. Ikiwa hali ndiyo hii katika zaka, nguo iliyotolewa sadaka kwa ajili ya mtoto aliyetajwa sifa zake nayo haistahili kuuzwa kwa kuwa tu kuuza ni rahisi kuliko kugawa.

Kisha tukumbuke wakfu wa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Alipata ardhi katika Khaybar, akamwendea Mtume (S.A.W.) kumshauri la kuifanya. Akaelekezwa azuie asili yake na atoe sadaka matunda yake. Umar akaiweka kwa masharti ya wazi: haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi, na mapato yake ni ya mafakiri, jamaa, watumwa wa kukombolewa, wasafiri na wageni. Na msimamizi wake? Ameruhusiwa kula kwa wema, pasi na kujilimbikizia mali. Katika sharti moja hilo tumepata mambo mawili. La kwanza, mwenye kuhudumia sadaka ana haki ya ujira wake, na wala hatumwonei choyo kijana anayebeba magunia juani kutwa nzima. La pili, ujira huo una mpaka, na mpaka huo ulitajwa mbele za watu tangu siku ya kwanza.

Neno la "usifuatilie"

Sasa tuliendee lile jibu walilopewa akina mama. Bila shaka asili yake ni aya za Suratul-Baqara, 262 hadi 264, ambazo zinamkataza mwenye kutoa asiifuatishie sadaka yake masimbulizi wala maudhi. Aya hizo ni za kweli na ni nzito. Lakini zinamlinda nani? Zinamlinda aliyepewa. Zinamzuia tajiri asimwendee maskini akamwambia, mbele ya watoto wake, kwamba kanzu hiyo uliyoivaa ni mimi niliyekupa. Hazikuteremshwa kumkinga mshika hazina asiulizwe risiti.

Ni makosa makubwa kuitwaa ngao aliyopewa fakiri na kumvisha msimamizi. Mama anayeuliza bukta imekwenda wapi hamsimangi mtoto yatima. Anamtetea. Kwa hakika yeye ndiye wakili wa yule mtoto ambaye hana sauti katika mkutano wa jumuiya.

Na Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliwahesabia watendaji wake. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kisa cha mtu wa kabila la Azd, aitwaye Ibn Lutbiyya, ambaye alitumwa kukusanya zaka. Aliporudi akagawa mafungu mawili: fungu hili ni lenu, na fungu hili nimezawadiwa mimi. Mtume (S.A.W.) hakuliacha jambo hilo limalizike chumbani. Alipanda mimbari, akawauliza watu kwa ukali: lau mtu huyo angalikaa nyumbani kwa wazazi wake, zawadi hizo zingalimfuata huko? Kisha akawaonya kwamba anayechukua kitu katika mali hiyo pasi na haki atakuja nacho Siku ya Kiyama amekibeba. Tukizingatia, hapakuwa na wizi wa kificho katika kisa hiki. Mtu yule alisema mwenyewe alichokichukua. Na bado aliulizwa. Itakuwaje basi kwa asiyesema kabisa?

Wako pia wanaosema kwamba kumuuliza mtu mwema ni kumvunjia heshima. Hao tunawakumbusha usiku ule ambapo Mtume (S.A.W.) alikuwa katika itikafu msikitini, akatembelewa na mkewe Bibi Safiyya (R.A.), kisha akatoka kumsindikiza. Watu wawili wa Ansari wakapita, na walipomwona wakaharakisha mwendo. Akawasimamisha, akawaeleza kwamba aliye naye ni Safiyya. Wakastaajabu, kwani nani angemdhania vibaya Mtume wa Mungu? Lakini yeye aliogopa shetani asije akatia kitu katika nyoyo zao. Hakungoja kuulizwa. Hakuwaambia kwamba wao ni wenye dhana mbaya. Aliiondoa shaka kabla haijazaliwa. Ikiwa yeye aliye msafi kuliko viumbe wote hakuona unyonge kujieleza kwa wapita njia wawili, ni katibu gani wa jumuiya leo anayestahili kuona unyonge?

Jambo hili si la kwetu peke yetu

Asije mtu akadhani kwamba haya ni maradhi ya Mombasa au ya Waislamu. Mnamo mwaka 2021, huko Singapore, ulianzishwa mradi wa kukusanya viatu vya michezo vilivyotumika. Nyuma yake palikuwapo taasisi ya serikali ya nchi hiyo inayosimamia michezo, pamoja na kampuni kubwa ya kemikali ya Marekani, Dow. Watu waliahidiwa kwamba viatu vyao vitasagwa na kutandazwa katika viwanja vya watoto na njia za kukimbilia. Ni ahadi nzuri, na watu wakaleta viatu vyao kwa moyo mkunjufu.

Waandishi wa shirika la habari la Reuters wakafanya jambo moja jepesi. Walitoa jozi 11 za viatu, na ndani ya nyayo zake wakaficha vidude vidogo vinavyoonesha kitu kiliko. Mwezi wa Februari 2023 wakatangaza walichokiona. Hakuna hata jozi moja kati ya hizo iliyokwenda kuwa uwanja wa watoto. Karibu zote zilipita mikononi mwa mfanyabiashara anayeuza vitu vya mitumba nje ya nchi, na baadhi wakazikuta katika masoko ya Indonesia, nchi ambayo tangu mwaka 2015 imekataza kuingizwa kwa nguo za mitumba. Baada ya habari hizo kutoka, mfanyabiashara yule aliondolewa katika mradi.

Funzo tunalolipata si kwamba wakubwa wa dunia nao hukosea. Funzo ni kwamba kampuni yenye mali na wataalamu, na serikali yenye sifa ya utaratibu, zote mbili hazikuwa na mtu aliyesimama mwisho wa njia akahesabu kilichofika. Walihesabu kilichoingia sandukuni tu. Jumuiya zetu nyingi ziko hivyo hivyo. Zitakupigia picha siku ya kupokea, magunia yamepangwa na bango limetundikwa. Siku ya kutoa haina picha wala daftari. Na wahenga wetu walikwisha kusema: mali bila daftari huisha bila habari.

Madhara yanamfika nani?

Huenda mtu akasema: hizi ni bukta na jezi, si dhahabu, ya nini kelele zote hizi? Tumjibu kwa kuwatazama wanaodhurika.

Wa kwanza ni mtoto mwenyewe. Mtoto aliyekatazwa kucheza kwa kuwa hana viatu hukaa kando ya uwanja akishika mashati ya wenziwe. Jambo hilo kwa mtu mzima ni dogo, kwake yeye ni jumla ya dunia. Na binti yake maskini ana shida zaidi, kwani asipopata vazi la mazoezi lenye stara, mamake atamzuia nyumbani, naye atakuwa na haki ya kumzuia.

Wa pili ni mama yake. Tafakarini, ndugu zangu: huenda mama huyo maskini akaenda Kongowea, akafungua kibindo chake, akanunua kwa fedha zake bukta ambayo mwenziwe alikuwa amekwisha kumpa mwanawe bure. Sadaka imegeuzwa kuwa bei, na aliyelipa ni yule yule aliyesadikiwa.

Wa tatu ni muuza mitumba, na wengi wao ni wanawake wanaolea. Amekopa, amenunua robota lake la kilo 45 limefungwa, hajui atakapolikata nyuzi atakuta kamera au fagia. Analipa kodi ya meza na ushuru wa soko. Kando yake anakaa mtu mwenye nguo alizozipata bila ya gharama, kwa jina la yatima, na anauza kwa bei ambayo mama huyu hawezi kuifikia. Hiyo nayo ni dhuluma, japo haionekani haraka.

Wa nne ni sisi sote. Baba aliyeona jezi ya mwanawe sokoni hatatoa tena mwakani. Atafunga mlango kwa jumuiya hiyo, na kwa bahati mbaya ataufunga pia kwa jumuiya iliyo safi inayokuja nyuma yake. Uaminifu ni kama maji ya kisima cha mtaa: akikitia taka mmoja, wote wanalala na kiu.

Sheria ya nchi inasemaje?

Mbali na sheria ya dini, ipo sheria ya nchi, na kuitii katika jambo la haki kama hili ni wajibu. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilipitishwa mwaka 2013, ikaanza kutumika tarehe 14 Mei 2024, na kuchukua nafasi ya sheria ya mwaka 1990 ya mashirika yasiyo ya kiserikali. Shirika lililosajiliwa chini yake linatakiwa kuweka vitabu vya hesabu na kupeleka ripoti kila mwaka kwa mamlaka inayosimamia. Linaruhusiwa kufanya biashara, lakini mapato yake yatumike kwa lengo la manufaa ya umma lililosajiliwa, si kugawiwa wakubwa wake. Na vile vikundi vilivyosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama navyo hupeleka taarifa yao ya mwaka kwa msajili.

Huko Uingereza tulikokutaja, sheria ya mwaka 1992 inamtaka mkusanyaji wa kulipwa, na mfanyabiashara anayetumia jina la shirika la hisani, amweleze mtoaji papo hapo namna malipo yake yatakavyokuwa na shirika litafaidika vipi. Yaani mfuko ukiletwa mlangoni, maelezo yawe pamoja nao. Haya ni mambo ambayo vitabu vyetu vya fiqhi viliyasema kabla ya karne nyingi, na ni aibu kwetu kuyaona yakitekelezwa kwa wengine, ilhali kwetu yanajibiwa kwa neno la "usifuatilie".

Tuulize vipi, na tuulize nini?

Akina mama, kuuliza ni haki yenu, lakini kuna adabu zake. Suratul-Hujurat imetukataza dhana nyingi, kupeleleza na kusengenyana, na imetuamrisha kuzithibitisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Basi msianzie katika kikundi cha WhatsApp. Picha ya jezi sokoni haithibitishi wizi. Huenda nguo ilipewa mtoto kweli, na mzazi wake, kwa shida ya unga, akaiuza yeye mwenyewe. Hilo ni haki yake, kwani kilichomfikia ni chake. Anayerusha picha hiyo kwa watu 200 akiongeza neno "wezi" amebeba mzigo ambao hatauweza Siku ya Hesabu.

Nendeni ofisini, wawili au watatu, kwa wakati wa kazi. Pelekeni maswali kwa maandishi, na mwombe majibu kwa maandishi. Kuandika si uadui. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul-Baqara, inahusu kuandikiana madeni, na imetaka tusichoke kuyaandika, yawe madogo au makubwa. Aliyeteremsha aya hiyo anawajua waja wake.

Ulizeni haya. Nguo zilizopokewa ni ngapi, na nani alizihesabu? Zilizogawiwa ni ngapi, na zilipelekwa chuo gani au shule gani? Zilizouzwa ni ngapi, kwa sababu gani, na nani aliamua? Aliyenunua ni nani, na je, ana ujamaa na msimamizi yeyote? Fedha zilipatikana kiasi gani, gharama zilikuwa kiasi gani, na kilichobaki kimenunua nini?

Majibu ya maswali haya hayahitaji mhasibu aliyesomea ng'ambo. Yanaenea katika karatasi moja ya kubandikwa kwenye ukuta wa msikiti au chuo. Tuchukue mfano wa kukisia tu: tumepokea vipande 400, tumegawa 250 katika vyuo vitatu, 50 vilikuwa vibovu tukavitupa, 100 havikuwa na watoto wa kuvivaa, tukaviuza kwa shilingi 150 kila kimoja, tukapata shilingi 15,000, gari na wabebaji shilingi 6,000, zilizobaki shilingi 9,000 tumenunulia viatu vya watoto ambao majina yao yako kwa maalim. Chini zikatiwa saini tatu. Karatasi hiyo ingewanyamazisha wasemaji wote wa mji, na isingechukua zaidi ya saa moja kuiandika.

Tunasema "majina yako kwa maalim" kwa makusudi. Uwazi haumaanishi kumwanika yatima. Hesabu ziwe hadharani, nyuso za watoto zisitiriwe. Jumuiya inayomsimamisha mtoto mbele ya kamera akiwa ameshika raba alizopewa, kisha inaficha daftari, imefunua kilichopasa kusitiriwa na kusitiri kilichopasa kufunuliwa.

Na kwa wenye kukusanya, nasaha yetu ni moja: semeni mapema. Mkifika mlangoni, ongezeni neno hili tu, kwamba kisichofaa kuvaliwa na watoto wetu tutakiuza na fedha zake zitakwenda mahali fulani, je, unaridhia? Wengi wataridhia. Asiyeridhia ataweka alama kwenye mfuko wake, nanyi mtaiheshimu. Kwa neno hilo moja, jambo lililokuwa la shaka limekuwa la halali lililo wazi.

Nasi tunaotoa tujitazame. Suratul-Baqara, aya ya 267, imetukataza kukusudia kutoa kile kibaya ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Anayetoa raba zilizokatika nyayo na soksi zenye matundu, kisha akalalamika kwamba hazikumfikia yatima, na aanze kujiuliza alimkusudia yatima au alikusudia kusafisha kabati. Fueni nguo. Fungeni viatu kwa kamba zake, jozi kwa jozi. Andikeni umri wa mtoto juu ya mfuko. Kadiri nguo inavyofaa kuvaliwa, ndivyo udhuru wa kuiuza unavyopungua.

Tumalizie kwa hili. Mtoto wako alipoitoa jezi yake aipendayo, ulimwambia kwamba inakwenda kwa mwenziwe. Huenda hiyo ndiyo sadaka yake ya kwanza katika umri wake. Atakapouliza kama imefika, ana haki ya kupata jibu la kweli, na jibu hilo hulipati kwa kunyamaza. Liendee, kwa upole na kwa daftari mkononi.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azitakabali sadaka zetu, awaongoze wenye kushika amana zetu waziogope kama moto, awatie nguvu walio waaminifu miongoni mwao, nao ni wengi, na awape mayatima wetu furaha ya duniani na makazi mema ya Akhera. Amin.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.